AFCON 2027: Kagera isiuze mechi kwa butura

MKULIMA wa Kagera anaijua vizuri biashara inayoitwa butura. Mwenye shamba anabanwa na ada ya shule, ugonjwa au msiba, naye anakwenda kwa mwenye fedha na kumuuzia kahawa ambayo bado ni maua mtini. Msimu ukifika, jasho ni la mkulima lakini gunia ni la mwingine. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka mingi, lakini haijafa, kwa sababu shida haisubiri msimu.

Sasa kuna mavuno mengine yanayosubiriwa, nayo yako katika hatari ya kuuzwa kwa mtindo huo huo. Ni fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, zilizopangwa kufanyika mwaka 2027 katika nchi tatu jirani za Kenya, Uganda na Tanzania. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilizipa nchi hizo uenyeji wa pamoja Septemba 27, 2023, katika kikao chake mjini Cairo.

Ni mashindano makubwa. Yalianza Sudan mwaka 1957 yakiwa na timu tatu tu, na tangu mwaka 2019 yanashirikisha timu 24 zinazocheza mechi 52. Kila timu inakuja na viongozi, waandishi wa habari na mashabiki wake. Watu hao wote watakula, watakunywa, watalala na kusafiri.

Katika vijiwe vya kahawa kuna maoni ya aina mbili juu ya jambo hili. Wapo wanaosema AFCON ni ya watu wa Dar es Salaam, na kwamba Bukoba na Muleba zitaishia kuangalia kwenye televisheni. Wapo pia wanaoamini kwamba neema itashuka yenyewe, kila mwenye genge atauza na kila mwenye nyumba atapata mpangaji.

Wote wamekosea. AFCON ni oda kubwa ya bidhaa na huduma ambayo tarehe zake za kufungua na kufunga zimewekwa na watu wengine. Mwenye mzigo ulio tayari, wenye ubora na karatasi zake, atauza. Asiye nao ataishia kuuza rejareja kwa mlanguzi, kwa bei ya mlanguzi, kama anavyouza kahawa yenye maua.

Bukoba haimo kwenye viwanja

Ni vema kuanza na ukweli mchungu. Kwa upande wa Tanzania, maandalizi yameelekezwa Dar es Salaam, Zanzibar na Arusha, ambako ulipangwa uwanja mpya wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya fainali hizo. Uganda imeutegemea uwanja wa Namboole ulioko Kampala na uwanja mpya wa Hoima. Kenya imeelekeza nguvu Nairobi. Uwanja wa Kaitaba, pamoja na nyasi zake bandia, haumo.

Hata kwenye soka ya nyumbani mkoa umepata pigo. Kagera Sugar, timu iliyoufanya mji wa Bukoba upokee Simba na Yanga kila msimu, ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Mama lishe wa jirani na Kaitaba anajua maana ya hilo kuliko mchambuzi yeyote wa soka, kwa sababu timu kubwa inapokuja mjini, sufuria yake huisha kabla ya jioni.

Hata hivyo, kukosa uwanja si laana. Angola ilijenga viwanja vinne vipya kwa ajili ya fainali za mwaka 2010. Gabon ilijenga vya Oyem na Port-Gentil kwa ajili ya fainali za mwaka 2017. Baada ya kipenga cha mwisho, baadhi ya viwanja hivyo vilibaki bila shughuli za maana huku vikiendelea kudai gharama za matunzo.

Wala mchuuzi wa jirani na uwanja hana uhakika wa kuvuna. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010 nchini Afrika Kusini, wachuuzi wengi waliozoea kuuza chakula nje ya viwanja waliondolewa, kwa sababu maeneo hayo yalitengwa kwa ajili ya wadhamini. Mashindano ya CAF nayo yana wadhamini wake waliolipia haki zao. Anayedhani atapanga meza ya chapati mlangoni mwa uwanja siku ya mechi afikiri mara mbili.

Somo lililopo hapo ni kwamba faida kubwa haipatikani getini. Inapatikana nyuma ya pazia, kwa anayepeleka maharage hotelini, samaki kwa mpishi, kahawa kwenye kambi ya timu na chakula kwa abiria wa basi. Biashara hiyo haiulizi uwanja uko wapi, inauliza mzigo uko wapi.

Mutukula ya 1978 na Mutukula ya leo

Kama kuna mkoa wa Tanzania wenye haki ya kuyaangalia mashindano haya kwa macho ya pekee, ni Kagera. Machi 1978 timu ya Uganda ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra, ikafungwa na wenyeji Ghana mabao 2-0. Miezi saba baadaye majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaingia Kagera, na Amin akatangaza kulitwaa eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, mashamba yakaachwa.

Machi 1980, ikiwa haujatimia mwaka mmoja tangu Kampala kuanguka, Tanzania ilicheza fainali hizo kwa mara ya kwanza, nchini Nigeria. Ilisubiri miaka 39 kurudi tena, mwaka 2019 nchini Misri.

Leo hii Tanzania na Uganda, zilizopigana juu ya ardhi ya Missenyi, zimeomba mashindano pamoja na kupewa pamoja. Mpaka ule ule wa Mutukula sasa una kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2017, ambako gari linakaguliwa mara moja na maofisa wa nchi zote mbili badala ya kusimamishwa pande mbili.

Kutoka Bukoba hadi Kampala ni kama kilomita 300 kwa barabara ya Kyaka, Mutukula na Masaka. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Maana yake ni kwamba kwa mkazi wa Bukoba, uwanja wa AFCON ulio karibu zaidi uko Uganda. Maana yake pia ni kwamba shabiki wa kanda ya ziwa anayekwenda Namboole kwa barabara, au Mganda anayeshuka kuja Mwanza, atapita Muleba, Bukoba na Kyaka.

Kwa upande wa kusini njia imefunguka zaidi. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025. Lori la Muleba linalokwenda Mwanza halilazimiki tena kupanga foleni ya kivuko huku ndizi zikiiva juu ya bodi. Kwa bidhaa inayooza, saa tatu za foleni ndizo tofauti kati ya faida na hasara.

Kwa hiyo Kagera haina uwanja, lakini ina barabara. Swali ni itapitisha nini juu yake.

Kisichouzika na kinachouzika

Hapa ndipo wengi watakapokosea. Kwa kuwa Kagera ni mkoa wa ndizi, wazo la kwanza la kila mtu litakuwa ndizi. Lakini Uganda ndiyo inayoongoza kwa ndizi za kupika katika ukanda huu. Kupeleka mikungu Kampala ni sawa na kupeleka maji ziwani. Arusha imezungukwa na migomba ya Meru na Kilimanjaro. Dar es Salaam inapata ndizi za Rungwe na Kilimanjaro, ambazo hazisafiri mbali kama za Bukoba.

Soko la ndizi za Muleba katika kipindi hicho litakuwa Mwanza na kwenye vituo vya mabasi, yaani kwa chakula kilichopikwa zaidi kuliko mkungu mbichi. Sahani ya matoke kwa samaki inauzwa kwa bei ambayo mkungu mzima haupati shambani, ambako mnunuzi hukadiria kwa macho badala ya mizani.

Hata hilo linahitaji shamba lenye afya. Mnyauko wa bakteria, ambao wakulima wanauita unyanjano, uligunduliwa Muleba mwaka 2006 kabla ya kusambaa kwingine nchini. Anayekimbilia kupanua shamba kwa ajili ya AFCON na kuchukua machipukizi popote anapoyaona, anaweza kununua ugonjwa kwa fedha yake. Kanuni ni zile zile: ua dume likatwe kwa kijiti chenye panda na siyo kwa panga, panga lisafishwe kwa moto au jiki kabla ya kuhamia shina jingine, na mgomba ulioathirika uondolewe mara moja.

Bidhaa ya kwanza inayoweza kusafiri mbali ni dagaa. Visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Goziba na Kerebe, ni miongoni mwa vituo vikubwa vya uvuvi wa ziwa hilo. Dagaa mkavu hahitaji barafu wala gari la ubaridi. Anakaa miezi, anapimika kwa kilo, na tayari ana wateja mpaka Kongo.

Tatizo lake ni mchanga. Dagaa anayeanikwa chini ananyonya mchanga, akinyeshewa anaoza, na mwishowe anauzwa kuwa chakula cha kuku. Dagaa yule yule akianikwa kwenye vichanja vya wavu, akakauka juani na kufungashwa safi, anaingia dukani na hotelini. Tofauti kati ya dagaa wa kuku na dagaa wa hoteli ni nguzo, wavu na siku chache za uangalifu. Hiyo si teknolojia ya kusubiri mfadhili.

Bidhaa ya pili ni kahawa, lakini siyo kahawa ya maganda. Wakulima wengi wa Kagera huvuna robusta, hupeleka ghalani na kusubiri mnada. Mnada uendelee, kwa sababu ndio uliosaidia kupunguza nguvu za walanguzi. Lakini mgeni wa AFCON hanunui gunia la maganda. Ananunua kikombe, au pakiti ya gramu 100 ya kupeleka nyumbani.

Bukoba ina bahati ambayo mikoa mingi haina. Kiwanda cha TANICA kimetengeneza kahawa ya unga inayoyeyuka kwa miongo kadhaa. Kuna pia akamwani, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na kukaushwa, ambayo Wahaya wamewapa wageni wao tangu enzi za watemi. Ni bidhaa yenye hadithi yake, nyepesi, isiyooza haraka, na isiyopatikana Arusha wala Nairobi. Inachokosa ni pakiti nzuri na nembo ya ubora.

Bidhaa ya tatu ni maharage. Timu, askari, wafanyakazi wa hoteli na abiria wote wanakula maharage. Anayeyahifadhi vizuri katika mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama mifuko ya kinga njaa, halazimiki kuuza wiki ya mavuno wakati bei iko chini kuliko wakati wowote.

Wapo watakaocheka wakisikia kwamba dagaa na kahawa ya kutafuna vinaweza kuwa bidhaa za AFCON. Waitazame Ivory Coast, mwenyeji na bingwa wa fainali za 2023 zilizochezwa mwanzoni mwa mwaka 2024. Chakula chake cha kila siku, attiéké, ni mihogo iliyosagwa, ikachachushwa na kupikwa kwa mvuke. Ni chakula cha wanawake wa vijijini na vibanda vya barabarani. Leo kinakaushwa, kinafungwa kwenye mifuko na kuuzwa mpaka Ulaya, na Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kukitengeneza katika orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika. Muhogo wa Ivory Coast si bora kuliko wa Biharamulo. Walichofanya wenzao ni kuupa mfuko na jina.

Hesabu ya kurudi nyuma

Kocha hupanga mazoezi kwa kuhesabu kutoka siku ya mechi kurudi nyuma. Mkulima naye afanye hivyo.

Mgomba unaopandwa leo unahitaji kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu kutoa mkungu. Mbuni mpya wa robusta unahitaji kama miaka mitatu. Kwa hiyo asidanganywe mtu kupanda kahawa kwa ajili ya AFCON. Kahawa ya AFCON ni ile iliyoko mtini tayari, na kazi iliyobaki ni kuvuna zilizoiva tu, kuanika kwenye turubai na kutafuta njia ya kuikaanga.

Maharage ni miezi mitatu. Kuku wa nyama ni wiki tano hadi sita, na wa kienyeji ni miezi kadhaa. Senene huja kwa wingi Novemba na Desemba, hivyo anayetaka kuwauza nje ya msimu lazima awakaushe na kuwafungasha mapema. Uvuvi wa dagaa hutegemea giza, na siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika. Anayeahidi hoteli tani moja kila wiki bila kuangalia kalenda ya mwezi ataaibika.

Liko pia suala la nguvukazi. Fainali za mwaka 2019 zilichezwa Juni na Julai. Kama za 2027 nazo zitachezwa miezi hiyo, zitaikuta Kagera katikati ya msimu wa kahawa, unaoanza Mei. Vijana watatakiwa shambani mchana, na usiku watakuwa kwenye mpira. Familia isiyopanga itavuna kahawa mbichi kwa haraka ili iwahi mechi, na ubora utashuka mwaka ambao wageni wako jirani.

Mkoa huu umewahi kuonja uchungu wa kuchelewa. Kimbunga kilipoharibu vanila ya Madagascar mwaka 2000, bei ya dunia ilipanda mpaka ikafikia kilele mwaka 2003. Wakulima wengi wa Bukoba na Muleba walikimbilia kupanda wakiwa wameona bei ya jana. Vanila inachukua kama miaka mitatu kuzaa. Ilipozaa, bei ilikuwa imeanguka. Wapo waliong'oa mimea yao kwa hasira. Waliofaidi ni wale waliokuwa na vanila wakati bei inapanda. Walioanza kupanda wakati huo walichelewa.

Fedha itakayotoka

Wakati watu wanahesabu fedha itakayoingia, ni wachache wanaohesabu itakayotoka. Mlango mkubwa wa kutokea ni kubeti.

Chukua mfano rahisi. Kijana anayeweka shilingi 1,000 kwa kila mechi, kwa mechi 52, atakuwa ameweka shilingi 52,000. Kijiji chenye vijana 300 wa namna hiyo kitakuwa kimetoa shilingi 15,600,000 katika muda wa mwezi mmoja. Wachache watashinda na kelele zao zitasikika mpaka sokoni. Wengi mikeka yao itachanika na watanyamaza. Fedha hiyo ingetosha kununua mbolea, kichanja cha dagaa au mashine ndogo ya kukaanga kahawa ya kikundi.

Michezo ya kubahatisha ni halali kwa mtu aliyetimiza miaka 18, na hakuna wa kumkataza mtu mzima. Lakini mzazi ana haki ya kujua kwamba kahawa ya familia haigeuzwi mkeka. Na hapa ndipo butura inaporudi kwa mlango wa nyuma, maana kijana aliyekopa ili abeti ataweka rehani kitu cha karibu, nacho ni kahawa ya baba yake mtini.

Mlango mwingine ni mkopo wa tamaa. Kibanda cha kuonyesha mpira ni biashara nzuri, lakini ina hesabu zake. Kwa kiingilio cha shilingi 500 na watazamaji 80, mechi moja inaleta shilingi 40,000. Humo yatoke malipo ya king'amuzi cha kibiashara, umeme au petroli ya jenereta, mlinzi na ushuru. Mechi za Taifa Stars zitajaza. Mechi ya timu mbili zisizojulikana, saa za jioni yenye mvua, haitajaza. Anayekopa kwa riba ya mtaani akidhani mechi zote 52 zitajaa kama ya Taifa Stars, atamaliza mashindano akidaiwa.

Wauza jezi nao wajihadhari. Nembo ya AFCON na ya wadhamini ina wenyewe. Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia, na mzigo ukikamatwa hakuna wa kumlipa aliyeununua kwa fedha ya mkopo.

Nani afanye nini

Mkulima mmoja mwenye kilo 40 za maharage hawezi kuzungumza na hoteli. Vyama vya msingi vipo tayari na vimezoea kukusanya kahawa. Vinaweza kukusanya pia maharage na kahawa iliyokaangwa, kwa kupima, kwa daraja na kwa mkataba ulioandikwa. Gunia lipimwe kwa mizani na siyo kwa lumbesa. Mkataba useme kilo, bei, siku ya kulipa na nani anabeba hasara mzigo ukichelewa.

Wanawake wanaosindika dagaa, senene na kahawa wanatakiwa kuanza na nembo ya TBS. Utaratibu upo wa wajasiriamali wadogo kupata nembo hiyo bila malipo katika miaka ya mwanzo kwa kupitia barua ya SIDO. Bidhaa isiyo na nembo haiingii kwenye duka kubwa wala kambi ya timu, hata iwe tamu namna gani.

Mfanyabiashara wa Mutukula ajue haki yake. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho hutolewa mpakani. Mazao ya shamba yanahitaji pia cheti cha afya ya mimea. Asiyejua haya hupita njia za panya, hutozwa na kila anayekutana naye, na mwishowe hulipa zaidi ya yule aliyepita getini.

Halmashauri za Bukoba na Muleba zina asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Badala ya kusambaza mikopo midogo kwa kila shughuli, sehemu yake ielekezwe kwenye vitu vichache vyenye soko la uhakika: vichanja vya dagaa, mashine za kukaanga kahawa, na vibanda safi vya chakula kando ya barabara kuu vyenye maji na vyoo. Basi halisimami mahali pasipo na choo, na abiria asiposhuka hanunui.

Viongozi wa mkoa nao wapeleke orodha ya bidhaa za Kagera kwa waandaaji mapema, pamoja na majina ya vikundi na kiasi vinavyoweza kutoa. Michuano ya CHAN ilipochezwa katika nchi hizi tatu Agosti 2025, Kagera haikuwa na mechi. Kukosa mechi mara ya pili hakuna ubaya kama safari hii kuna mzigo unaotoka.

Katika fainali za mwisho, zilizochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025, Tanzania ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Haikushinda mechi hata moja. Ilitoka sare na Uganda, ikatoka sare na Tunisia, ikakusanya pointi mbili, na pointi hizo zikatosha mpaka ikaenda kufungwa bao 1-0 na wenyeji. Timu iliyoonekana dhaifu ilifika mbali kuliko wakati wowote kwa sababu haikudharau pointi moja.

Ndivyo ilivyo kwa mkulima wa Muleba na mchuuzi wa Bukoba. Hatajengewa uwanja, wala hataitwa kwenye sherehe ya ufunguzi. Lakini kilo mia za dagaa safi, pakiti mia mbili za kahawa na gunia la maharage lililopimwa kwa mizani ni pointi, na pointi hukusanywa kidogo kidogo. Asiyezikusanya sasa, mlanguzi atamkusanyia, na faida ataihesabu mlanguzi.